Jogoo Aliyengoja Madhabahuni

Kanisa la utoto wangu lilinukia fenesi. Najua wengine wakikumbuka makanisa yao hutaja mishumaa, au mbao za mabenchi, au vitabu vya nyimbo vilivyochakaa mikononi mwa watu. La kwetu Tanga, msimu ukifika, ukivuka kizingiti tu pua ilikutana na fenesi lililoiva, halafu mapera, halafu miwa iliyokatwa alfajiri, na chini ya hayo yote harufu ya kuku waliofungwa miguu. Walutheri wengi wa mjini walikuwa watu walioshuka kutoka milima ya Usambara kufuata kazi ya mkonge, wakazeeka nayo, wakajenga mjini lakini jembe hawakuliacha. Basi walimtolea Mungu kile ambacho mkono ulikigusa: mayai, ndizi, nazi, kuku. Viliwekwa mbele chini ya madhabahu, vikaombewa, na ibada ikiisha vilipigwa mnada uani. Dalali alikuwa Mzee Elieza, mzee wa kanisa, Mzigua wa Handeni. Na kwa kuwa Wazigua na Wasambaa ni watani, hakuna Msambaa aliyenunua hata yai pale bila kuchambwa kwanza yeye na ukoo wake. Watoto tulipenda mnada kuliko mahubiri, na nadhani wakubwa pia, ila wao hawakusema.

Mimi na kaka yangu Yona tulilelewa na Bibi Damari, mama yake baba, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati, huko Ngamiani. Wazazi wetu walikuwa walimu Moa, karibu na mpaka, wakaona tutasoma vizuri zaidi mjini. Bibi alikuwa mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka na ulimi wa haraka zaidi. Majirani zetu wa kulia na kushoto walikuwa Waislamu, na ng'ambo ya barabara palikuwa na Mhindi muuza vitambaa, Mwislamu naye, aliyemwita Bibi “Mama Kanisa”. Jina hilo lilimstahili. Kwa Bibi, habari za Injili hazikuwa za zamani wala za mbali, alizisimulia kama mambo yaliyotokea mtaa wa pili. Yule msafiri aliyevamiwa na wanyang'anyi alivamiwa njia ya Muheza, penye mikonge mirefu, na Bibi aliweza kukuonyesha mahali penyewe. Yule mama aliyefagia nyumba nzima akitafuta sarafu alikuwa na nyumba ya udongo kama ya shangazi yake kule milimani. Zakayo alipanda mnazi, na Yona alipouliza mtu mfupi angepandaje mnazi, Bibi akamjibu kwamba yeye hajawahi kumwona mkwezi mrefu.

Nyumbani kwetu palikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Jumapili mchana, kabla sahani hazijajazwa, Bibi alituuliza mmoja mmoja, “Neno limekutuma wapi leo?” Hakuuliza Neno limesema nini, maana hilo hata kasuku angejibu. Aliuliza limekutuma wapi, kama mtu anavyotumwa dukani, na kama ilivyo kwa anayetumwa dukani, ulitakiwa urudi na kitu kabla ya Jumapili nyingine. Baada ya habari ya wale wakoma kumi, Yona alisema ametumwa kwa fundi baiskeli aliyemzibia pancha ya mpira wake bure, akamwambie ahsante. Akaenda, na fundi akashangaa mpaka akampa na kiraka cha akiba. Baada ya habari ya Martha na Mariamu, mimi nilijibu kwamba Neno limenituma niache kuosha vyombo nikae miguuni pa Bibi nisikilize. “Neno halijawahi kumtuma mtu akaache vyombo,” akasema, na vyombo nikaviosha.

Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo Neno halikuwahi kumtuma Bibi, nako ni Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Huko aliishi mdogo wake wa tumbo moja, Rebeka, ambaye sisi tulimwita Bibi mdogo. Alikuwa mjane, akikaanga maandazi na kumlea binti yake wa pekee, Salome. Salome alipendana na kijana wa nyumba ya pili, Athumani, mfanyabiashara wa nazi, akasilimu, akaolewa. Kwa pwani yetu si jambo geni. Chunguza ukoo wowote utakuta mezani kuna wa msikitini na wa kanisani. Ila Salome alikuwa mtoto wa ubatizo wa Bibi. Bibi ndiye aliyembeba mbele ya maji na kumjibia maswali yote, na moyo wake ulivunjika. Bibi mdogo alimletea doti ya kanga za sare, zile walizochagua kwa upande wa bibi arusi, na ujumbe kwamba asimame kama mama mkubwa wa mtoto. Bibi aliikunja ile doti kama ilivyokuja, akampa kondakta wa basi la Pangani airudishe. Tena alisema, watu wakisikia, kwamba chakula cha nyumba ya kina Athumani hakitapita kooni mwake. Kwa hiyo siku ya arusi upande wa bwana arusi ulijaa uwanja mzima, na upande wa bibi arusi ukawa na Bibi mdogo peke yake. Tangu hapo dada hawa hawakusalimiana. Wahenga wanasema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, wakipatana uchukue kapu ukavune, lakini hawa mavuno yao yalichelewa mno, hata sisi watoto tulijua jina la Rebeka halitajwi mbele ya Bibi.

Mwaka ninaousimulia, Kwaresima na Ramadhani ziliingia karibu pamoja. Alasiri mtaa mzima ulinukia uji wa pilipili manga na nazi iliyokunwa, na jioni adhana ikilia, watoto wa jirani walituletea kaimati kwenye bakuli lililofunikwa. Shule ya Jumapili ilikuwa imenichagua nikariri mbele ya kanisa aya moja ya mahubiri ya mlimani: ile inayosema kwamba ukileta sadaka yako, na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka papo hapo madhabahuni, uende ukapatane naye kwanza, ndipo urudi uitoe. Bibi alinifundisha wiki nzima, yeye akikaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nimesimama mlangoni mikono nyuma. Nilikuwa na tatizo moja, kila mara niliruka neno.

“Rudia, Neema. Umeliacha.”

“Lipi, Bibi?”

“Kwanza. Bila kwanza, mtu atakwenda akipata nafasi.”

Nikarudia mpaka nikalishika. Sijui kama yeye mwenyewe alikuwa akijisikia. Nadhani hakujisikia, maana mtu akimfundisha mtoto husikiliza makosa ya mtoto. Mimi nilikuwa mdogo lakini si mjinga, na nakumbuka nilijiuliza kimoyomoyo kama Bibi amesahau ana mdogo wake. Sikuthubutu kuuliza.

Jumapili ilipofika, Bibi alikwenda kanisani na jogoo. Hakuwa jogoo wa mchezo: mwekundu, mkia mrefu, kifua kama cha askari wa gwaride. Mzee Elieza alipompokea ili amweke mbele alisema jogoo la shamba haliwiki mjini, ila huyu ana sura ya kuwika hata bungeni. Nikaitwa. Nilisimama mbele kwa gauni langu jeupe, nikatafuta uso wa Bibi benchini kwake, ule uso ulionifundisha, nikaisema aya yote bila kukosea. Nilipofika kwenye lile neno nililitia sauti mpaka likagonga bati la paa, kwa kuwa nilitaka anisifu. Nikauona uso wake ukibadilika. Sijui nieleze vipi. Ni kama mtu aliyekuwa akitembea njia anayoijua akakuta mahali pamekatika. Niliporudi kukaa alinishika mkono. Wimbo wa sadaka ulipoanza, watu wakaenda mbele, na yeye akainuka akaelekea mlangoni, mimi nikivutwa nyuma yake.

Mzee Elieza alikuwa amesimama pale mlangoni. “Damari, unaumwa?”

“Nimetumwa,” akasema Bibi.

“Na huyu jogoo?”

“Msimguse. Bado sijamtoa.”

Tulikwenda stendi na nguo zetu za kanisani. Hatukupita nyumbani, hata Yona tulimwacha na wenzake wa kwaya ya watoto. Basi la Pangani lilikuwa na vumbi la kutosha kumpaka kila mtu rangi moja. Tulifika mtoni, tukapanda kivuko. Hapo Bibi aliniuliza kama nina njaa. Nilikuwa nayo, nikasema sina. Upande wa pili tulipanda kwa miguu hadi kwenye nyumba mbili zinazotazamana, moja kubwa ya kina Athumani, moja ndogo yenye moshi nyuma. Tukasimama kwenye mlango wa ile ndogo. Ndani palisikika mafuta yakichemka. Bibi akapiga hodi, akasema, “Rebeka, ni mimi,” na kitu kikaondolewa mekoni.

“Nimekuja tupatane,” akasema Bibi.

Sauti ikatoka ndani, karibu kabisa na mlango. “Umekuja na nani?”

“Na mjukuu wangu, Neema.”

“Siku ile mimi nilikuwa na nani, dada?”

Bibi akaegemeza kiganja mlangoni.

“Uliniacha mbele za watu,” akasema Bibi mdogo. “Leo unakuja kuniomba radhi mlangoni kama mtu anayeomba chumvi. Nenda salama.”

Mlango haukufunguliwa. Jua lilikuwa limeanza kushuka na kivuko cha kurudi hatukijui, na tungebaki tumesimama pale sijui mpaka saa ngapi kama asingetoka Bi Mwanakombo, mama yake Athumani, akijifuta mikono kwa kanga. Alitusalimu kana kwamba tulikuwa tunangojwa. “Karibuni wakwe. Hakuna mgeni anayepita mlangoni kwangu wakati wa futari.” Nilimtazama Bibi. Nyumba hii ndiyo aliyoiapia, na kila mtu pale alijua, hata mimi. Bibi aliuangalia tena ule mlango mdogo uliofungwa, kisha akavua viatu akaingia kwenye mkeka wa Bi Mwanakombo. Adhana ilipolia wenyeji walifungua kwa tende, naye akainamisha kichwa akasali kimya, akanyoosha mkono kwenye sinia akachukua muhogo wa nazi. Akala. Bi Mwanakombo alimsogezea bakuli akasema, “Ongeza, mkwe.” Salome alitoka chumbani, akapiga magoti, akasema, “Shikamoo mama mkubwa,” na Bibi akamwekea mkono kichwani. Kisha akasema marahaba, kwa sauti ndogo. Tulilala hapo. Asubuhi mlango wa Bibi mdogo ulikuwa na kufuli; alikuwa amewahi shamba.

Tuliporudi, Mchungaji alikuja nyumbani. Alikuwa kijana, mwenyeji wa Lushoto, mpole sana, na nadhani alimwogopa Bibi kidogo. Alisema kanisa zima limejengeka kwa kitendo chake. Mungu ameona amejaribu, na kwa hiyo Jumapili ijayo atoe sadaka yake na aendelee kushiriki Meza ya Bwana kama kawaida. Bibi alimtilia chai, akamwongezea sukari. “Baba Mchungaji,” akasema, “haikuandikwa nijaribu. Imeandikwa nipatane.” Mchungaji akanywa chai yake. Alipoaga aliniambia mimi, si Bibi, kwamba ningekariri aya nyingine ingekuwa nafuu kwa wote.

Basi jogoo akabaki. Hakuwa wa Bibi tena, na bado hakuwa wa kanisa, na hakuna mzee wa kanisa aliyejua sheria ya jogoo wa namna hiyo. Walimkabidhi kwa mwinjilisti aliyekaa nyuma ya kanisa, naye akamfungulia miguu, na jogoo akawa bwana wa kiwanja. Jumapili aliwika katikati ya mahubiri. Alijua kuchagua: Mchungaji akifika mahali pazito, akashusha sauti, ndipo naye anaanza. Siku iliposomwa habari ya Petro kumkana Bwana wake, jogoo aliwika kabla Petro hajakana hata mara ya kwanza, kanisa zima likacheka, na Mchungaji akalazimika kufunga kitabu angoje. Mzee Elieza hakumpa Bibi pumziko. “Damari,” alimwambia kila wakikutana, “jogoo wako amekwisha kuungama, umebaki wewe.” Bibi alicheka naye, maana mtani hanuniwi. Lakini wakati watu walipokwenda kupiga magoti kupokea Chakula cha Bwana, yeye alibaki benchini, macho chini, na mimi nilibaki karibu yake nikiona vidole vyake vikikunja na kukunjua ncha ya kilemba. Pasaka ilikuwa inakuja. Tangu alipopata kipaimara msichana mdogo kule milimani, Bibi hakuwahi kukosa Meza ya Bwana siku ya Pasaka, si kwa uzazi wala kwa msiba. Jioni moja nilimsikia uani akisali kwa Kishambaa, na katika maneno yale nilitambua jina la Rebeka. Nililia juu ya mto wangu wa kulalia, na siwezi kusema nilimlilia nani kati yao.

Jibu alilipata mwenyewe, akichambua mchele. Aliacha ungo mapajani akasema, kana kwamba anaongea na punje, “Alisema mbele za watu.” Halafu akaniuliza Idi ni lini. Mimi ningejuaje? Hapo ndipo Mama Kanisa, Mlutheri wa kuzaliwa, alipoanza kufuatilia mwezi. Aliwauliza majirani wa kulia, akawauliza wa kushoto, akavuka barabara kumuuliza Mhindi wa vitambaa, ambaye alimwambia kwa adabu kwamba mwezi huandama ukitaka wenyewe. Alifunga kapu la viazi na pea za Lushoto, mwezi haukuonekana, akalifungua ili pea zisiive vibaya. Kesho yake akalifunga tena. Yona alisema kwa mwendo ule Bibi atafunga Ramadhani nzima bila kujua. Hatimaye redio za mtaa zikatangaza, watoto wakapiga kelele barabarani, na asubuhi tulikuwa stendi kabla ya makondakta.

Tulifika Bweni watu wameshatoka kuswali, uwanja kati ya zile nyumba mbili umejaa mikeka, wanaume upande huu, wanawake upande ule, watoto na nguo zinazometa. Bibi mdogo alikuwa akigawa pilau, sinia kubwa mikononi. Alituona, akasimama palepale. Bibi hakwenda kwake. Alitua kapu, akasimama mahali ambapo kila mtu angemwona, na kwa kuwa ni mfupi, akapanda kwenye kizingiti cha Bi Mwanakombo.

“Naombeni radhi niseme,” akasema, na watu wakanyamaza. “Mimi naitwa Damari. Ni dada yake Rebeka, tumbo moja. Siku ya arusi ya mtoto wetu mlimwona amesimama peke yake, labda mkadhani hana kwao. Anako. Aliyekosa kuja ni mimi. Aliniletea sare nikairudisha. Leo nimekuja kuiomba.”

Akanyoosha mkono, kiganja juu, mbele ya umati ule wote. Bibi mdogo akamkabidhi Salome sinia, akageuka, akaingia nyumbani kwake. Alikaa sana. Watu walianza kutazamana, mzee mmoja akakohoa, lakini Bibi hakuushusha mkono. Nilitamani kuushika kwa chini nimsaidie kuubeba. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ule mlango umefungwa tena, na kwamba mara hii Bibi ataaibika yeye, mbele ya watu haohao. Ndipo Bibi mdogo akatoka na doti ya kanga, bado ina mikunjo ya dukani. Hakumpa mkononi. Alimfunga kiunoni, juu ya gauni, akalivuta fundo likakaza.

“Imekungoja mpaka imepauka,” akasema.

“Na mimi,” akasema Bibi.

Wakaanza Kishambaa wote wawili kwa pamoja, haraka, hakuna anayemsikiliza mwenzake, machozi yakiwashuka. Bi Mwanakombo aliwaacha kidogo, kisha akasema haya jamani, pilau inapoa. Nilikula siku ile mpaka nikashindwa kuinama.

Pasaka Bibi mdogo alikuja Tanga, na Salome na Athumani wakamsindikiza. Wao wawili walikaa uani kwenye kivuli, sisi tukaingia. Mzee Elieza alimleta jogoo mwenyewe, akitembea kwa madaha kama anayepeleka mahari, na nyuma yake mke wa mwinjilisti na kikapu cha vifaranga, akisema hivi navyo haviwezi kuwa vyake kwa haki, maana baba yao ni sadaka. Kanisa lilicheka mpaka Mchungaji akacheka. Bibi aliweka vyote mbele, akarudi, akamshika mdogo wake mkono, wakaenda kupiga magoti bega kwa bega. Mnadani aliyemnunua jogoo ni Athumani. Mzee Elieza alimwambia, “Mkwe wetu, angalia, huyu ni Mlutheri, usije ukambadilisha,” naye Athumani akajibu kwamba huko kwake atawika atakavyo. Wakaondoka naye kwenye basi, kichwa kikichungulia nje ya kapu.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa sekondari na maswali mengi kuliko adabu, nilimuuliza Bibi kama hatimaye alikubali Salome kubadili dini. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. “Nani kakwambia nilikubali? Mpaka leo namwombea. Nilipatana na mdogo wangu.” Wakati ule niliona jibu limepinda. Sasa kwa kuwa nimekuwa mtu mzima naona ndilo lililonyooka, kwa sababu naona siku hizi watu wanangoja kwanza wakubaliane ndipo wale pamoja, na hawakubaliani, na chakula kinalala.

Bibi amekwisha kutangulia. Kanisa lile lina vigae na feni, na namba ya kutumia sadaka imeandikwa ukutani. Siilaumu, hata mimi natuma kwa simu, nikiwa nimekaa. Ila simu haikuulizi umegombana na nani. Kaka yangu Yona amehamia kanisa jipya huko Arusha. Binti yangu alipopata kipaimara mwaka jana, Yona aliandika kwenye kundi la simu la ukoo kwamba hataki kushiriki taratibu za watu waliokufa kiroho. Ukoo mzima ulisoma. Siku ya sherehe kiti cha mjomba kilikaa kitupu mezani, na wageni wa upande wa mume wangu walikiangalia, nami niliwaona wakikiangalia. Tangu hapo ameniandikia kuniomba radhi, mimi peke yangu, zaidi ya mara moja. Namjibu kwa picha ya viganja viwili vilivyounganishwa, basi. Siku zote nimesimulia habari hii nikijiweka upande wa Bibi Damari, kwa kuwa ni mimi niliyeshikwa mkono. Mwaka huu ndipo nimejikuta nyuma ya ule mlango, na nimegundua kwamba nyuma ya mlango kuna starehe yake. Unakuwa na haki, na haki haikuombi chakula.

Mwezi uliopita nilikwenda Bweni kumwona Bibi mdogo. Amekuwa mkongwe, macho yamefifia, vitukuu wake wanakimbia uwanja uleule. Nilimuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: siku ile ya Idi, alipoingia ndani akakaa vile, alikuwa akiitafuta wapi ile kanga?

“Sikuitafuta,” akasema. “Ilikuwa juu ya sanduku. Niliishika, nikakaa kitandani, nimwone kama ataondoka.”

“Na angeondoka, Bibi?”

“Ningemkimbilia,” akasema. “Ningemkimbilia hata mtoni.”

Nilimuaga nikateremka kwenye kivuko. Tulikuwa katikati ya maji nilipompigia Yona, naye akapokea haraka mno, kana kwamba simu ilikuwa mkononi. Nikamwambia aje nyumbani Jumapili, nami nitawaita watu, walewale waliokiona kile kiti kitupu.